Uganda: Kwa nini si kila uvimbe wa shingoni ni kifua kikuu

Mtu anayefika kituo cha afya nchini Uganda akiwa na uvimbe shingoni, homa zisizokwisha, jasho jingi la usiku na mwili unaokonda, aghalabu hudhaniwa kuwa na kifua kikuu cha tezi. Dhana hiyo ina msingi. Uganda ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya nchi 30 zilizoelemewa zaidi na ugonjwa huo kwa miaka ya 2021 hadi 2025, pamoja na Kenya, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Hata hivyo, dalili hizo hizo huonekana pia katika limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu. Mgonjwa anayeanzishiwa dawa za kifua kikuu kabla tezi yenyewe haijapimwa anaweza kupoteza miezi kadhaa huku saratani ikienea mwilini.

Tezi huvimba kwa sababu gani?

Mwili wa binadamu una takriban tezi 600 za limfu. Nyingi hazihisiki kwa mkono. Kazi yake ni kuchuja majimaji ya limfu na kuzihifadhi chembe za kinga zinazopambana na vijidudu. Ndiyo maana kidonda cha mguuni huleta mitoki kinenani, na jino bovu au mafindofindo huvimbisha tezi zilizo chini ya taya. Uvimbe wa aina hiyo kwa kawaida huuma ukiguswa, kisha hupungua baada ya wiki chache chanzo chake kinapopona.

Uvimbe, basi, si jina la ugonjwa. Ni ishara tu kwamba kuna jambo linaloendelea, na daktari hana budi kulitafuta.

Mambo anayoyachunguza daktari

Kwanza ni mahali. Tezi iliyovimba juu ya mtulinga hutiliwa shaka zaidi kuliko ya chini ya taya, kwani inaweza kuashiria ugonjwa mzito kifuani au tumboni. Tezi zikivimba shingoni, makwapani na kinenani kwa wakati mmoja, daktari hufikiria ugonjwa ulioenea mwili mzima, ikiwemo maambukizi ya VVU.

Pili ni ukubwa, hali na muda. Tezi inayozidi sentimita 2, ngumu, isiyosogea chini ya kidole, au iliyodumu zaidi ya wiki 4, yahitaji kuchunguzwa hata kama haiumi. Wengi huchelewa kwa sababu ya kukosa maumivu, ilhali tezi za limfoma mara nyingi haziumi.

Tatu ni mazingira ya mgonjwa. Katika eneo la West Nile nchini Uganda na mkoa jirani wa Ituri nchini Kongo, ambako tauni imewahi kuzuka, homa kali ya ghafla pamoja na mtoki unaouma sana ni dharura. Dawa za kuua bakteria huanzishwa bila kungoja majibu ya maabara. Vilevile, mwaka 2024 ugonjwa wa mpox ulipovuka kutoka Kongo na kuingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, kuvimba kwa tezi kulikuwa miongoni mwa ishara zilizosaidia kuutofautisha na tetekuwanga.

Jibu limo ndani ya tezi

Pale chanzo kisipojulikana, kipimo cha damu na picha ya kifua husaidia, lakini mara nyingi havitoshi. Hatua inayofuata ni kuingiza sindano nyembamba katika tezi na kufyonza chembe chache. Chembe hizo hutazamwa kwa hadubini, na pia zinaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo WHO iliidhinisha mwaka 2013 itumike kutafuta kifua kikuu katika tezi.

Sindano ina mipaka yake. Limfoma ina aina nyingi, na kila aina ina tiba yake. Ili kuibainisha, daktari wa upasuaji huitoa tezi nzima au kipande chake na kukipeleka kwa mtaalamu wa patholojia.

Uganda ina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1958, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto, ambao baadaye ulitambuliwa kuwa ni limfoma na kupewa jina lake. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyo hapo hapo Mulago, ilianza mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma. Saratani hiyo ya watoto hukua kwa kasi kubwa, lakini mingi ya mivimbe yake huitikia dawa vyema ikigunduliwa mapema.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Tezi haifai kuchanjwa, kuchomwa wala kukamuliwa nyumbani. Aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu asiziache kwa sababu tu tezi imeongezeka ukubwa, kwani hilo huweza kutokea hata dawa zinapofanya kazi. Anapaswa kurudi kwa daktari na kuuliza swali moja: je, ugonjwa huu ulithibitishwa kwa kupima tezi, au ulikadiriwa kwa dalili? Ikiwa ulikadiriwa tu, na hali haibadiliki, ana haki ya kuomba tezi ipimwe.