Hila za Matapeli Wakati wa Sikukuu

Mwezi wa Desemba fedha hutembea sana katika Kenya. Wafanya kazi wa mijini huwapelekea wazee wao fedha, wazazi hununua nguo za sikukuu na kufikiria karo ya Januari, na mabasi hujaa watu waendao makwao. Matapeli wayajua hayo, nao huyapenda majira hayo kwa sababu mtu mwenye shughuli nyingi hana nafasi ya kufikiri. Hila zao ni nyingi, lakini zote zina shina moja, nalo ni kumharakisha mtu.

FEDHA ZILIZOTUMWA KWA MAKOSA

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa mfuko wa fedha wa watu wengi, na mwizi naye amezifuata fedha huko. Tuseme mama auzaye mboga katika soko la Wakulima, Nairobi, apata ujumbe kwamba amepokea Sh. 3,000. Mara apigiwa simu na mtu anayelia: “Mama, nimekosea namba. Fedha hizo ni za dawa ya mtoto. Tafadhali nirudishie, Mungu atakubariki.” Mama huyu ana huruma, na wateja wanamngoja, basi atuma Sh. 3,000 papo hapo. Jioni ahesabu na kuona kwamba hakupokea hata senti moja. Ujumbe ule uliandikwa na tapeli mwenyewe, na fedha zilizotoka ni za mtaji wa mboga.

Kinga yake ni rahisi. Kwanza, mtu atazame ujumbe umetoka wapi: ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, si kwa namba ya simu ya mtu. Pili, aangalie salio lake mwenyewe. Tatu, hata kama fedha zimeingia kweli, asizirudishe kwa mkono wake. Amwambie aliyekosea apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456, ili kampuni yenyewe ishughulikie kuzirudisha. Mwaminifu atakubali, tapeli atakasirika.

NAMBA YA SIRI

Wengine hupiga simu wakijiita wafanya kazi wa kampuni ya simu au wa benki. Husema kwamba mtu ameshinda zawadi ya sikukuu, au kwamba laini yake itafungwa leo jioni. Kisha humwuliza namba ya siri, namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa. Kwa habari hizo waweza kuhamisha namba yake kwenye laini nyingine na kuzichukua fedha zake zote. Ikumbukwe kwamba mfanya kazi wa kweli hana haja na namba ya siri ya mteja, hata siku moja.

SAFARI NA NYUMBA

Watu waendao pwani kupumzika huonyeshwa katika simu picha za nyumba nzuri ya Diani au Malindi, kwa bei ndogo, na kuambiwa walipe leo kwa kuwa wengine wanaitaka. Wafikapo na watoto na mizigo, hukuta nyumba ni ya mtu mwingine asiye na habari nao. Yafaa kumwomba mtu aliye huko aione nyumba kabla ya kulipa. Tikiti za basi zinunuliwe ofisini, si kwa mtu aliyesimama njiani. Tikiti ya treni ya Madaraka Express huandikwa jina la abiria, nayo hulinganishwa na kitambulisho chake. Kwa hiyo tikiti yenye jina la mwingine ni hasara.

AKISHADANGANYWA

Aliyedanganywa asinyamaze kwa aibu. Aiarifu kampuni ya simu upesi, maana fedha ambazo hazijatolewa kwa wakala huenda zikazuiwa. Kisha apige ripoti Polisi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3.

Basi mtu akiharakishwa kutoa fedha, haraka hiyo iwe kwake alama ya hatari. Asimame kwanza, aulize ndugu au jirani. Jambo la kweli haliharibiki kwa kungojwa dakika 10.