Treni imefika Kilosa. Je, mji nao utaamka?

Ukimsikia mzazi wa Kilosa akisema kijana wake "yuko mjini", mara nyingi hazungumzii Kilosa. Anazungumzia Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam. Mji wenye stesheni, hospitali ya wilaya, soko na ofisi za halmashauri umekuwa, kwa familia nyingi, mahali pa kulelea watoto ili waondoke.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inapita Kilosa katika safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Kilosa ina stesheni yake. Wengi wanauliza kama stesheni hiyo itaurudishia mji uhai wake. Kwa mzazi, swali hilo lina uzito wa aina yake. Je, ajenge hapa? Afungue duka hapa? Amwandae mwanaye kubaki, au kuondoka?

Treni inaweza kumfikisha mtu mlangoni. Kinachomfanya aingie ndani, ale, alale na arudi tena ni mambo ya kawaida kabisa: maji safi, mitaro inayopitisha maji, choo cha soko, barabara isiyokatika masika. Haya tumezoea kuyaita mambo ya afya. Kwa Kilosa ndiyo pia mambo ya uchumi.

Mji uliolishwa na reli na mkonge

Kilosa ni mtoto wa Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ikapata stesheni, na kuzunguka stesheni yakaja maduka, maghala na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa. Mshahara wa shambani uliishia dukani mjini.

Kisha nguzo zikaanza kulegea moja baada ya nyingine. Kamba za nailoni ziliushusha mkonge duniani. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Barabara kuu ya kwenda Zambia, iliyowekwa lami kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikupita Kilosa. Ilipita Mikumi. Malori na mabasi yakaifuata, na reli nayo ikaendelea kuchoka.

Pigo jingine lilikuja na maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika. Maelfu ya watu walikosa makazi na kupelekwa kwenye kambi za mahema. Reli kati ya Kilosa na Gulwe iliharibiwa vibaya na safari zikasimama kwa miezi. Mfanyabiashara aliyepoteza duka na nyumba kwa wiki moja hawezi kusahau haraka. Hata akirudi, anarudi na mtaji mdogo na woga mkubwa.

Dirisha lisilofunguka

Wanaoikumbuka treni ya zamani wanakumbuka biashara ya dirishani. Treni ikisimama, mama ana beseni la vitumbua kichwani, mwingine ana ndizi, mwingine mayai ya kuchemsha. Abiria ananyoosha mkono, pesa inashuka, chakula kinapanda. Ada za shule za watoto wengi wa pembeni mwa reli zilipita kwenye madirisha yale.

Treni ya SGR ina kiyoyozi na madirisha yake hayafunguki. Inasimama kwa muda mfupi, na treni za haraka hupita bila kusimama Kilosa. Kwa hiyo biashara ya beseni haiwezi kuhamia kwenye treni mpya kama ilivyokuwa. Mteja wa sasa ni yule anayeshuka, au anayesubiri kupanda.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana: treni inakwenda pande zote mbili. Inamleta mgeni Kilosa, na pia inampeleka mama wa Kilosa Morogoro asubuhi kununua sare na madaftari, kisha jioni yuko nyumbani. Duka la Kilosa linaweza kupata mteja mpya na kumpoteza wa zamani katika wiki hiyohiyo.

Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuliona hili. SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilipozinduliwa mwaka 2017 na mizigo mingi ikahamia kwenye reli, miji ya barabarani iliyoishi kwa madereva wa malori, kama Mariakani na Mtito Andei, ililalamika kwamba hoteli na gereji zimekosa wateja. Reli haigawi riziki sawasawa. Inapita, na kila mji unajitafutia sehemu yake.

Mto kwanza, maduka baadaye

Hakuna anayejenga duka la ghorofa mahali ambapo hajui kama maji yatarudi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kuufufua mji wa Kilosa iko kwenye Mto Mkondoa: tuta la kuuzuia, mitaro ya mjini, na milima ya juu ambako mto unatoka. Miti ikikatwa na mashamba yakilimwa hadi kingoni, udongo unashuka na mvua, mchanga unajaa mtoni, na kina cha mto kinapungua. Mvua ileile iliyokuwa inapita salama zamani sasa inaingia ndani ya nyumba.

Mafuriko hayaishii siku maji yanapokauka. Vyoo vya shimo hujaa na kumwaga uchafu kwenye visima. Hapo ndipo kuhara na kipindupindu hupata njia. Wiki chache baadaye madimbwi yanakuwa mazalia ya mbu, na malaria inapanda. Kwa mama lishe hiyo ni hasara mara mbili: mtoto anaumwa, na wateja wanaogopa kula nje.

Kwa familia zinazoishi karibu na mto au mitaro, mambo haya hayasubiri mradi wa serikali:

Chemsha maji ya kunywa au tumia dawa ya kutibu maji, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Usiruhusu watoto wacheze kwenye maji ya mafuriko, hata yakiwa ya kifundoni. Mtoto akiharisha sana, mpe maji yenye chumvichumvi za ORS mara moja, endelea kumnyonyesha kama bado ananyonya, na mpeleke kituo cha afya bila kusubiri kesho. Macho yakidumbukia, akalegea au akashindwa kunywa, hiyo ni dharura. Wote nyumbani walale kwenye chandarua chenye dawa, siyo mtoto mdogo peke yake. Na kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule viwe kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anapajua.

Mikumi: mji wenye wateja wanaopita

Ukitoka Kilosa kwenda kusini, zaidi ya kilomita 70, unafika Mikumi. Huko shida ni ya upande wa pili. Watu hawakosekani. Mabasi ya Iringa na Mbeya yanapita, malori ya Zambia na Kongo yanapita, njia ya kwenda Kidatu na Ifakara inaanzia pale, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko mlangoni. Mji umekua kando ya lami kama duka moja refu.

Lakini mji unaoishi kwa wapitanjia unalea watoto kando ya malori. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mzazi wa Mikumi haihitaji takwimu hiyo; anaiona kila mtoto anapovuka kwenda shule. Vibao vya 50 vipo, matuta yapo, trafiki wana tochi zao. Bado mtoto wa darasa la kwanza hajui kupima mwendo wa lori linalokuja. Mvushe mwenyewe au mkabidhi kwa mkubwa, na mfundishe kutovuka mbele au nyuma ya basi lililosimama.

Hatari nyingine huja kimyakimya. Mji wa malori una pesa ya haraka ya usiku, na binti wa miaka 15 anayeuza karanga stendi saa tatu usiku anakutana nayo kabla ya kuwa na akili ya kuikataa. Mimba na maambukizi ya VVU hayaanzi kliniki, yanaanzia pale mtoto anapotafuta pesa ambayo mzazi angepaswa kuitafuta. Biashara ya jioni ifanywe na mtu mzima. Kijana aliyemaliza shule bila kupata nafasi ya kuendelea ana Chuo cha VETA palepale Mikumi. Fundi umeme au fundi magari kwenye barabara ile hakosi kazi.

Miji miwili, familia moja

Kilosa ina treni na haina wageni wa kutosha. Mikumi ina wageni ambao hawashuki. Kila mmoja una kile ambacho mwenzake anakitafuta. Mgeni wa Dar es Salaam anayetaka kuona tembo anaweza kushuka Kilosa kwa treni na kufika Mikumi kwa gari, iwapo barabara kati ya miji hii miwili itapitika kwa uhakika mwaka mzima. Lami kutoka Dumila imeshafika Kilosa kupitia Rudewa. Kipande cha kutoka Kilosa kwenda Mikumi ndicho kinachoweza kubadili hesabu.

Barabara hiyo ni ya wagonjwa pia. Mikumi kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Kilosa kuna hospitali ya wilaya. Kati yake kuna vijiji ambako mjamzito akipata uchungu usiku wa masika, urefu wa safari unapimwa kwa tope. Barabara inayomfikisha mtalii mbugani ndiyo itakayomfikisha mama huyu wodini.

Cha kuuliza kwenye mkutano

Miradi mikubwa ya reli inaamuliwa mbali. Lakini soko, mitaro na maegesho ya bajaji vinaamuliwa karibu, kwenye mikutano ambayo wengi wetu hatuhudhurii. Ukienda mkutano wa kitongoji au ukikutana na diwani wako, uliza haya:

Mitaro ya mjini itazibuliwa lini kabla ya mvua, na nani anasimamia? Choo cha soko kina maji na sabuni? Karibu na stesheni kuna sehemu iliyotengwa kwa mama lishe, yenye maji na kivuli, au watafukuzwa kila wiki? Viwanja vinavyogawiwa viko juu ya njia ya maji? Vikundi vya wanawake na vijana vimefikiwa na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu?

Na kabla hujachukua mkopo kwa sababu ya treni, hesabu kwanza. Kaa karibu na stesheni siku mbili, moja ya katikati ya wiki na moja ya mwisho wa wiki. Hesabu wanaoshuka, siyo wanaopita. Angalia wanakwenda wapi na wanauliza nini. Kama wanauliza usafiri, chakula cha moto au chumba kisafi cha kulala, hapo pana biashara. Kama wanapokewa na ndugu zao na kuondoka, anza kidogo.

Kilosa haitarudi kuwa mji wa mkonge, na hakuna haja. Inaweza kuwa mji wa wilaya ulio safi, wenye stesheni nzuri, usiolala roho juu kila Machi. Ikifika hapo, mzazi anaweza kumwambia mwanaye achague kati ya kubaki na kuondoka, na yote mawili yakawa na maana.