Kompyuta ya Nyumbani na Wageni Wasioalikwa

Wenzangu wengi wameniuliza habari ya kompyuta ya kwetu, maana nimeisimulia bwenini mpaka wengine wamechoka kunisikia. Sasa Mhariri ameniomba niiandike, ili na wazazi wetu wenye kompyuta nyumbani wapate kuisoma. Mimi si fundi. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, na mengine niliyoyasoma baadaye ili nijue kwa nini mambo yalikwenda kama yalivyokwenda.

Juni mwaka jana nilikwenda likizo kwetu Muheza. Dada yangu alikuwa amemaliza Kidato cha Sita, na mjomba wetu anayefanya kazi Dar es Salaam akamletea kompyuta mpya ya kupakata, ingali ndani ya boksi lake. Mama aliitandikia kitambaa mezani kama tunavyofanya kwa mgeni mheshimiwa. Dada alikuwa na kazi moja ya haraka, nayo ni kujaza maombi ya mkopo wa chuo, ambayo hupelekwa kwa mtandao, na muda uliobaki ulikuwa hadi kesho yake jioni. Mama akatoa fedha ya machungwa, tukanunua kifurushi cha GB 5, tukaiunganisha kompyuta na simu yake. Dada alijaza fomu hata saa nne usiku, kisha akasema atamaliza alfajiri. Akaniambia nizime simu na kompyuta. Sikuzima. Nilicheza kidogo, usingizi ukanishika, vyote viwili vikakesha vimewaka na kushikana.

Asubuhi kifurushi kilikuwa kimekwisha chote. Dada alinitazama, akasema, "Mdogo wangu, umefanya nini?" Nami sikuwa na jibu, kwa kuwa nilivyojua mimi sikufanya lolote. Ilibidi apande bodaboda mpaka mjini kwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala, akalipa huko, akamaliza fomu yake saa tano. Maombi yalifika salama, walakini fedha iliyotumika ilikuwa ya nauli yangu ya kurudi shuleni, na sikuthubutu kumwuliza Mama ingetoka wapi nyingine.

Basi nikaanza kumtafuta mwizi. Kompyuta zenye Windows zina ukurasa katika setingi, upande wa mtandao, unaoonyesha kila programu imetumia kiasi gani. Nilipoufungua nikaona kwamba sehemu kubwa ililiwa na masasisho, na iliyobaki ikagawanywa na programu ambazo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyepata kuziomba.

Kwanza nieleze masasisho ni nini. Programu kubwa kama Windows imeandikwa na watu maelfu, na binadamu hakosi kukosea. Makosa mengine ni madogo, mengine ni kama dirisha lililosahauliwa wazi, ambalo mwivi akilijua ataingia. Kila kosa likigunduliwa, walioitengeneza programu huandika kiraka cha kuziba tundu lile na kukipeleka kwa kompyuta zote kwa mtandao. Kampuni ya Microsoft hutoa viraka vyake kila Jumanne ya pili ya mwezi, desturi iliyoanza Oktoba 2003. Hutolewa saa nne asubuhi kwa saa za magharibi mwa Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku, kwa kadiri ya majira ya huko. Zaidi ya viraka hivyo vya mwezi, mara moja kwa mwaka huja toleo kubwa, na hilo laweza kupita GB 3. Kompyuta mpya iliyokaa dukani miezi kadhaa huwa na deni la viraka vingi, hivyo siku ya kwanza ya kuonja mtandao hulipa deni lote kwa mkupuo. Ndivyo ilivyokuwa kwetu usiku ule.

Niliposimulia mkasa huu mjini, fundi mmoja akaniambia dawa yake ni rahisi: atayafunga masasisho yote yasije tena kamwe, nami nimpe elfu kumi. Nilikuwa karibu kukubali, lakini sikuwa na hiyo elfu kumi. Leo nashukuru kwa umaskini wangu ule, na sababu ni hii.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja baya la Windows. Waliokipokea wakaendelea na kazi zao. Wengine hawakukipokea, ama kwa kuwa walikuwa wameyafunga masasisho, ama waliahirisha, ama mashine zao zilikuwa za zamani mno. Tarehe 12 Mei 2017, yaani siku 59 baadaye, kirusi kiitwacho WannaCry kikapita katika tundu lile lile. Kilifunga mafaili ya mtu kwa kufuli la siri, kisha kikamdai dola 300 ili afunguliwe. Kwa muda wa siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilishikwa. Huko Uingereza hospitali nyingi zilishindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa, na watu waliokuwa na miadi ya kutibiwa wakarudishwa nyumbani. Aliyepunguza kasi ya kirusi hicho alikuwa kijana Mwingereza wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyegundua kwamba kirusi kabla ya kufanya kazi kilitafuta anwani fulani ya mtandao isiyo na mwenyewe. Akaiandikisha anwani ile, na kirusi kilipoikuta ipo, kikaacha kuenea. Mimi hadithi hii hunifurahisha kila nikiikumbuka, ila haipendezi kuwa mgonjwa anayengoja kijana wa namna hiyo aamke.

Kwa hiyo dawa si kuyafunga masasisho bali kuyapangia wakati. Katika setingi za mtandao, ukifungua jina la ule mtandao unaoutumia, utakuta kitufe chenye neno linalofanana kabisa na mita ya maji. Maana yake ni kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu unapimwa na kulipiwa, isijichotee ovyo. Ukikiwasha, masasisho mengi hungoja mpaka uyaruhusu mwenyewe. Yafaa ujue kwamba kitufe hicho ni cha mtandao mmoja mmoja. Tuliweka kwa simu ya Mama, siku ya pili tukatumia simu ya mjomba aliyekuja kutusalimu, naye kifurushi chake kikaanza kuyeyuka. Kuna na jambo jingine ambalo wachache hulijua: Windows yaweza kuchukua masasisho uliyokwisha kuyalipia na kuyagawia kompyuta nyingine, hata za watu usiowajua kwenye intaneti. Ni ukarimu mzuri kwa mwenye mtandao usiopimwa. Sisi tuliuzima, upo ndani ya ukurasa wa masasisho, sehemu ya ziada.

Katika ukurasa huo huo waweza kuyasimamisha masasisho mpaka majuma matano, ambayo yatosha kabisa kumaliza fomu ya mkopo au mitihani. Waweza pia kutaja saa zako za kazi, ili kompyuta isijizime na kujiwasha katikati ya shughuli. Utaratibu tulioufuata nyumbani ni kungoja Jumanne ya pili ipite, kisha Jumatano au baadaye kidogo dada anaipeleka kompyuta mahali penye mtandao wa bei nafuu, anayaruhusu masasisho kwa mkono wake. Kabla ya kuanza sharti nakala za vyeti na barua ziwe kwenye flashi, na chaji iwe imechomekwa, maana umeme wetu hauna adabu. Ikishaandika kwamba inatengeneza, na namba za asilimia zinapanda, usiiguse hata ikikaa kwenye 30 kwa nusu saa. Kuikatia moto wakati huo ni sawa na kumwondoa fundi juu ya paa bati likiwa nusu.

Sasa nije kwa wageni. Kompyuta ya dada ilitoka kiwandani na programu ambazo hatukuzijua: michezo ya karata, duka la picha, kinga ya virusi ya majaribio ya siku 30, na kitu fulani cha hali ya hewa kilichotuambia habari za mji tusioujua. Nilidhani ni zawadi. Ukweli ni kwamba mara nyingi wenye programu hizo humlipa mtengenezaji wa kompyuta ili aziweke, kwa matumaini kwamba mnunuzi atazizoea na baadaye atalipa. Nyingi ni kero tu, zinakula nafasi, kifurushi na muda wa kuwaka. Lakini imetokea pia kuwa hatari. Februari 2015 ilijulikana kwamba kompyuta kadhaa za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu iliyoitwa Superfish, ambayo ilijipenyeza kati ya mtu na tovuti anazozitembelea ili imwonyeshe matangazo, na kwa kufanya hivyo ikadhoofisha ule ulinzi unaotumika hata kwenye kurasa za benki. Kampuni ilitoa chombo cha kuiondoa, na Septemba 2017 ikapatana na serikali ya Marekani kuhusu jambo hilo.

Kuondoa mgeni si kazi ngumu. Katika setingi kuna orodha ya programu zote zilizomo, nawe unabonyeza jina, unachagua kuiondoa. Niliziondoa kumi na moja kwa mchana mmoja. Kinga ya majaribio ndiyo iliyonitia hofu, kwani ilikuwa ikitangaza kila saa kwamba bila yenyewe tumekwisha. Nilipoitoa, kinga ya Windows yenyewe ikaamka na kushika zamu bila kuombwa. Zile ambazo hazikubali kutoka nilizizuia zisijiwashe kila asubuhi, maana kuna orodha nyingine ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Kabla ya hapo kompyuta ilichukua dakika nne kuwa tayari, baadaye haikufika mbili.

Nikalewa ushindi. Nikaona jina moja nisilolijua, lenye herufi nyingi, nikaliondoa pia. Jioni Mama alitaka kusikiliza kwaya, na kompyuta ikawa bubu. Lile jina lilikuwa la kiendeshi cha sauti, yaani programu inayoifundisha Windows kusema na spika. Kwa hiyo nakuonya, ukiona jina la kampuni iliyotengeneza vipande vya ndani, kama Intel au Realtek, liache hapo lilipo. Na zile zenye maneno Visual C++ si wageni, ni misingi ambayo programu nyingine zimejengwa juu yake. Usilolijua, uliza kwanza. Kilichonirudishia heshima ni yale yale masasisho: dada alipoyaruhusu siku ya pili yakakileta kiendeshi upya, na kwaya ikasikika. Mama akasema, "Mwanangu, sasa iache ipumzike."

Mwalimu wetu wa Fizikia, aliyeisoma makala hii kabla ya kupigwa chapa, ameniagiza niwakumbushe wazazi wanaonunua kompyuta iliyotumika waulize kwanza ina Windows gani. Viraka vya bure vya Windows 10 kwa watu wote vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na muda wa nyongeza kwa waliojiandikisha wa nyumbani uliwekewa mwisho katika Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kila mashine. Yataka RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Muuzaji akisema "itakubali tu", mwambie aiwashe muione.

Dada sasa yuko chuoni Morogoro na kompyuta amekwenda nayo. Katika barua yake ya mwisho ameniandikia kwamba toleo kubwa la mwaka lilishuka kwa mtandao wa chuo, bila senti yake kutumika, na mchezo mmoja wa karata niliouondoa umerudi. Ameuacha, anasema, kwa sababu mwenzake wa chumbani anaupenda.

Mwanafunzi, Kidato cha IV