Kikorokoro cha Dola 3 Kilichouzwa kwa 193

Mwaka 2009, Wamarekani wawili, Rob Walker na Joshua Glenn, walikusanya vikorokoro kutoka maduka ya mitumba, kila kimoja kwa wastani wa dola 1.25. Kila kitu wakampa mwandishi akitungie kisa, kisha wakavinadi kwenye eBay, kisa kikiwa ndiyo maelezo ya bidhaa. Hawakumdanganya mtu: jina la mtunzi liliwekwa wazi. Sanamu ndogo ya Kirusi, iliyonunuliwa dola 3, ikafika 193.50. Mzigo wote wa dola 128.74 ukaleta dola 3,612.51.

Huo haukuwa utafiti wa maabara. Huenda baadhi ya wanunuzi walifuata majina ya waandishi. Lakini maabara nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2000, wanasaikolojia Melanie Green na Timothy Brock waliwapa watu kisa cha mtoto aliyeuawa ndani ya jengo la maduka, wakawaomba wazungushie duara kila sehemu isiyoingia akilini. Waliozama zaidi katika kisa walichora duara chache zaidi, na misimamo yao ikasogea kulifuata simulizi, hata pale walipoambiwa ni la kubuni. Akili inayofuatilia kitakachojiri hubaki na nafasi ndogo ya kubisha.

Takwimu hazina mvuto huo. Mwaka 2007, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic waliripoti jaribio ambamo watu walilipwa dola 5, kisha wakaombwa mchango. Waliosoma habari za Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38, waliosoma takwimu za njaa, 1.14. Waliopewa vyote viwili walishuka hadi 1.43.

Kwa hiyo anayeuza mikeka Instagram asiishie kwenye “mzigo mpya, bei poa, njoo inbox”. Aonyeshe miyaa ikichemshwa kwenye rangi, ukili ukisukwa, kisha kili zikishonwa pamoja. Amtaje msukaji, kwa ridhaa yake. Vipimo na bei vikae chini, baada ya kisa.

Ila kisa hakiufanyi mkeka udumu zaidi. Kinachopungua ni ubishi wa mnunuzi, ndiyo maana muuzaji analazimika kusema kweli. Mnunuzi naye, akishaguswa, aulize ukubwa, picha halisi na masharti ya kurudisha mzigo kabla ya kutuma hela.