Athari ya Meissner

Athari ya Meissner ni tabia ya supakondakta ya kusukuma nje uga sumaku uliomo ndani yake inapopozwa chini ya halijoto maalumu. Supakondakta ni metali au dutu nyingine ambayo, ikiwa baridi vya kutosha, hupitisha umeme bila ukinzani wowote.

Historia

Mwaka 1911 mwanafizikia Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aligundua mjini Leiden kwamba ukinzani wa zebaki hutoweka ghafla kwenye kelvini 4.2, yaani takriban −269 °C. Kwa zaidi ya miaka 20 ilidhaniwa kwamba supakondakta ni kipitishi kisicho na ukinzani, basi. Kama ingekuwa hivyo, metali inayopozwa ikiwa tayari ndani ya uga sumaku ingebaki na uga huo.

Mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walifanya jaribio nchini Ujerumani kwa kutumia risasi na bati. Walikuta kwamba metali ilipopoa, uga uliokuwa ndani yake ulitolewa nje. Hivyo ilijulikana kwamba supakondakta ina tabia mbili: kukosa ukinzani na kufukuza uga sumaku.

Maelezo

Uga unapoikabili supakondakta, mikondo ya umeme huzunguka kwenye uso wake na kuzalisha uga wa kinyume. Nyuga hizo mbili hufutana ndani ya metali. Mwaka 1935 ndugu Fritz na Heinz London walionyesha kwamba uga huingia kina kidogo sana tu kutoka usoni. Kwa sababu ya msukumano huu, sumaku ndogo inaweza kuelea juu ya supakondakta.

Kikomo

Uga ukiwa na nguvu mno, hali ya usupakondakta huvunjika. Kwa risasi kikomo ni takriban tesla 0.08, hata ikipozwa karibu na sifuri halisi.

Nadharia iliyotolewa mwaka 1957 na John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer husaidia kueleza sababu. Katika supakondakta za kawaida elektroni hutembea mbili mbili, na spini zao huelekea pande zinazopingana. Usumaku huzivuta spini zielekee upande mmoja, hivyo jozi huachana. Ndiyo maana chuma, kobalti na nikeli, ambazo ni metali za sumaku, si supakondakta katika kanieneo ya kawaida.

Matumizi

Sumaku za mashine za MRI hospitalini mara nyingi huwa na uga wa tesla 1.5 au 3, kwa hiyo koili ya risasi isingefaa. Hutumika aloi ya niobi na titani, ambayo ni supakondakta ya aina ya pili. Aina hii huruhusu uga upenye kwa nyuzi nyembamba, huku sehemu zilizobaki zikiendelea kupitisha umeme bila ukinzani. Koili hizo kwa kawaida hupozwa kwa heli ya kimiminika.