Je, Wajua? Nepi Zilizowashinda Majenerali

Je, wajua kwamba nepi iliwahi kuwakosesha usingizi majenerali waliotawala Argentina? Aprili 30, 1977, wanawake 14 walikwenda uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires, mbele ya ikulu, kuuliza watoto wao waliokamatwa na utawala huo wako wapi. Polisi wakawaambia ni marufuku kusimama kikundi, tembeeni! Wakatembea kweli, Alhamisi baada ya Alhamisi, na baadaye wakajitanda kichwani nepi nyeupe ili watambuane.

Ngoja, bado. Akina bibi nao walikuwa wakiwatafuta wajukuu waliozaliwa kizuizini na kugawiwa watu wengine. Wazazi hawapo, sasa utapima damu ya nani? Wakawabana wanasayansi hadi ikapatikana njia ya kumtambua mtoto kwa damu ya bibi na babu zake, na wajukuu zaidi ya 130 wameshapatikana!

Je, wajua kwamba balungi lilitikisa biashara ya makaburu? Mwaka 1984, keshia wa miaka 21 huko Dublin alikataa kumuuzia mteja mabalungi ya Afrika Kusini, akasimamishwa kazi, na wenzake wakatoka naye. Waligoma karibu miaka mitatu, wakinyeshewa mvua na kupigwa na baridi ya Ireland, mpaka serikali yao ikapiga marufuku matunda na mboga za Afrika Kusini. Na unajua nani alihutubia siku wito wa kususia bidhaa hizo ulipozinduliwa London, Juni 26, 1959? Julius Nyerere, Tanganyika yenyewe ikiwa bado chini ya Mwingereza!

Haya, twende Nairobi. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakafunga kula. Polisi walipowavamia kwa marungu na mabomu ya machozi, baadhi ya wazee wale wakavua nguo. Wewe na mimi tunajua maana yake: mama wa umri wa kukuzaa akikuvulia nguo, hiyo ni laana! Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu, lakini akina mama hawakurudi nyumbani. Walihamia kanisa la All Saints, hapo jirani, wakakaa karibu mwaka mzima, na mapema 1993 karibu wafungwa wote wakaachiliwa. Hebu fikiria, mwaka mzima kanisani!

Je, wajua kwamba karani wa meli alimnyang'anya mfalme nchi? Edmund Morel aliona meli zikishusha Ulaya mpira na pembe za ndovu kutoka Kongo, lakini zikirudi zimebeba bunduki na risasi, si bidhaa za kulipia. Akajua hapo hakuna biashara, kuna utumwa. Mwaka 1904 akaanzisha chama cha kupaza sauti, picha za mikono iliyokatwa zikaonyeshwa kumbi kwa kumbi, na mwaka 1908 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akalazimika kuiachia Kongo.

Na makala ya gazeti je? Mei 28, 1961, wakili Peter Benenson aliandika katika The Observer kuhusu wafungwa waliosahauliwa, na Amnesty International ikazaliwa. Mmoja wa wafungwa hao alikuwa Agostinho Neto. Mwaka 1975 akawa rais wa Angola!

La mwisho, shikilia benchi. Mwaka 2001, watetezi wa haki waliingia makao ya zamani ya polisi wa siri wa Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, mjini N'Djamena, wakakuta maelfu ya nyaraka zimetapakaa sakafuni. Ndani yake yalikuwemo majina ya watu 1,208 waliouawa au kufia kizuizini, yameandikwa na watesaji wenyewe! Manusura walisukuma kesi nchi hadi nchi, na Mei 30, 2016, huko Dakar, Habré alihukumiwa kifungo cha maisha.