Mfereji usiozibwa: jeni inayoisukuma saratani ya titi

Aliyekulia Marangu au Kibosho anaujua mfongo. Maji hushuka kutoka mlimani, kila kihamba kina zamu yake, na zamu ikiisha unaziba. Usipoziba, shamba linafurika.

Seli za mwili nazo zina milango ya namna hiyo, inayoitwa vipokezi. Hukaa kwenye ukuta wa seli na kupokea amri ya kukua, ili kidonda kipone au mtoto arefuke. Kazi ikiisha, mlango hufungwa.

Kipokezi kimoja kinaitwa HER2. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni yake, moja ya baba na moja ya mama. Lakini kwa wagonjwa kama 15 hadi 20 kati ya kila 100 wa saratani ya titi, seli za uvimbe zimezirudufu nakala hizo kupita kiasi. Vipokezi vinajaa ukutani, vinashikana viwili viwili na kutoa amri ya kukua bila kuitwa. Uvimbe wa aina hii hukua haraka.

Hapo ndipo mama huuliza: "Na binti yangu je?" Kwa kawaida hitilafu hii hairithiwi. Hutokea ndani ya titi lenyewe, ukubwani, na mama asijilaumu. Zinazoweza kurithiwa ni jeni nyingine, kama BRCA1 na BRCA2, hivyo kama shangazi, bibi na dada wameugua, mwambie daktari.

HER2 haionekani kwa macho wala kwa kupapasa. Hujulikana kwa kupima kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe. Iwe uko KCMC hapa Moshi au umepewa rufaa Ocean Road, uliza bila aibu: "HER2 imepimwa?" Jibu linabadilisha matibabu. Dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hukishika kipokezi hicho na kukizima. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, ingawa kuwa kwenye orodha si kuwa mfukoni: ni dripu ya kila wiki tatu, mara nyingi kwa mwaka mzima, na bei yake ni nzito. Ulizia bima mapema. Moyo nao hupimwa kabla na wakati wa dawa, maana inaweza kuudhoofisha.

Majibu ya kinyama yapige picha kwa simu. Karatasi hupotea, na daktari atakayekupokea kwingine atayahitaji.